Paka wa Donkai na Moshi wa Alhamisi

Sib, 7 Februari 1998

Kwa mtoto wa dada yangu, Khawla,

Mie Harub bin Nassor, dereva mstaafu, nna miaka sabini na moja. Nimewazika wake wawili, na madaktari watatu walioniambia niache tumbaku. Nimezimaliza gari sita na mabosi wanne, na mapinduzi yalinitoa Unguja na shati moja na kandambili ya mguu mmoja. Basi mtu kama mie akikutuma, hukutumwa na mtoto.

Barua hii mie naisema, Benedikta anaiandika. Kusoma nnajua, usidhani. Msahafu nausoma, na hizi herufi za kizungu nazijua zote, ila hazinipendi. Sahihi ya chini ni ya mkono wangu.

(Dada Khawla, mimi Benedikta ninayemtunza mzee hapa Sib. Ameniamuru niandike kila neno linalotoka mdomoni mwake. Ukikuta tusi, si langu.)

Mama yako Rahila kanipa khabari kuwa huko Kyoto unakosoma, lile hekalu alilokaa Donkai linataka kufanya maonyesho. Ati mwakani inatimia miaka mia na hamsini tangu afe, na wanazitafuta picha zake popote zilipo. Khawla, zipo kwangu! Tano! Chini ya kitanda changu, ndani ya sanduku la misumari ya shaba.

Donkai umemsikia kwangu tangu mdogo. Mtawa yule, mtu wa dini yao, lakini hakuwa mtu wa kununa. Wenziwe wakichora milima na mawingu, yeye kachora mtawa anapiga miayo mpaka unamhesabu magego. Kachora watawa wawili wamebeba figili moja begani kwa heshima, kama wamembeba sultani. Kachora mtawa mnene kajibanza na mvua chini ya uyoga usiomfunika hata sikio. Kachora anayeikimbilia kofia yake iliyochukuliwa na upepo, na kofia ndiyo inayocheka. Na kachora Paka. Hakuna mkono kama ule duniani, na mie nimeiona mikono mingi.

Nenda ukawaambie yuko mtu Oman, huku Sib ya Maskati. Nataka Paka atundikwe hekaluni kwake, na chini yake liandikwe jina langu. Mwanangu Aflah anasema picha za viumbe hazikai nyumbani, na siku nikifa zitakwenda jalalani kabla ya tanga kuanuliwa. Aflah ana nyumba kubwa Qurum na cheo serikalini, na hajacheka tangu apewe hicho cheo. Nataka alione jina la babake kabla hajanitia kaburini. Hilo tu ndilo nilitakalo, sitaki jengine.

Harub bin Nassor


Kyoto, 1 Machi 1998

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nimekwenda. Basi mbili, khalafu ngazi mia na kitu ndani ya theluji, na mie na viatu vyangu vya Maskati. Nimepokewa na mkuu wa hekalu, mzee kama wewe, na bwana mmoja jina lake Inoue ambaye kazi yake ni kutengeneza picha kongwe. Wao wenyewe wanazo kumi na moja tu. Nilipotaja tano, mkuu wa hekalu alimimina chai nje ya kikombe.

Niliwaeleza Paka alivyo. Bwana Inoue anasema picha kama hiyo imetajwa katika daftari la hekalu, na hakuna aliyejua imepotelea wapi. Wanamtaka sana. Lakini lazima aje mwenyewe, si picha yake ya kamera, ili Bwana Inoue amchunguze kabla hajatundikwa. Akipita, jina lako litaandikwa: mali ya Harub bin Nassor, Maskati.

Julai nakuja likizo. Nitamchukua kwa mkono wangu.

Mjomba, mbona sahihi yako imetoka nje ya karatasi? Nusu ya Nassor imebaki mezani kwako.

Mtoto wako,
Khawla


Sib, 29 Machi 1998

Khawla,

Sahihi imetoka kwa sababu karatasi za siku hizi fupi.

(Karatasi ni zile zile, dada.)

Waambie hao mabwana nilivyompata, wasije wakadhani nimeiba. Bwana Morita, mhandisi wa Kijapani, nilimwendesha miaka kumi na moja, na nyumba yake ilikuwa Qurum. Paka alikuwa ukutani sebuleni kwake. Wageni wake, wakubwa wakubwa na wake zao na mikufu, husimama mbele yake mkono kidevuni, kimya, kama wamefiwa. Siku moja nimeingia kuchukua begi, nikainua macho. Naona mtawa kakaa juu ya jiwe lililochongoka, uso kaukunja kwa maumivu. Na mkekani kwake, juu ya mto wake, kalala paka, miguu juu! Mistari ya wino haifiki ishirini, lakini paka yule anakoroma, wallahi unamsikia. Nikacheka. Nilicheka mpaka begi likaniponyoka. Bibi mmoja akanitazama kama nimevunja kabati la vyombo.

Bwana Morita hakunigombeza. Alipohama mwaka 1983 alinipa kisanduku chembamba, Paka kakunjwa ndani kama mkeka, akanambia, "Harub, miaka yote hii ni wewe peke yako uliyemtazama sawasawa."

Hizo nne nyengine alinitafutia mwenyewe kwao, moja moja, mpaka alipofariki. Kwa Mpiga Miayo nimeuza jambia la fedha la babangu, nililolikuta huku Oman. Mama yako hakunisemesha mwaka mzima. Mie nikamwambia, "Rahila, jambia lilikuwa halinichekeshi."

Na Bwana Morita alinifunza adabu ya picha hizi. Haitundikwi ikakaa kama kalenda. Inakuja kama mgeni, unakaa nayo, khalafu unaikunja ikapumzike. Neno hilo nimelishika kuliko hata yeye. Kila Alhamisi alasiri namtundika mgeni mmoja, nakaa naye, na namuaga kama anavyoagwa mtu wa heshima. Miaka kumi na tano sijakosa Alhamisi hata moja, hata ile niliyovunjika mkono.

Njoo umchukue.

Harub bin Nassor


Kyoto, 20 Septemba 1998

Mjomba,

Paka kafika salama. Katika ndege nilimpakata. Wamempokea vizuri na sasa Bwana Inoue anamchunguza. Kazi hii inachukua muda, usiwe na wasiwasi.

Hali ya hewa imeanza kupoa. Masomo yanakwenda.

Jambo dogo tu nilitaka kukuuliza: Mjomba, ulikuwa ukimfukiza?

Khawla


Sib, 11 Oktoba 1998

Khawla,

Swali gani hili? Nilikuwa nikimfukiza, ndiyo! Kwani mgeni anatoka nyumbani kwangu bila ya chetezo? Wewe umezaliwa Khuwair ya Kusini au umeokotwa Kyoto? Mtu akija kwako unampa kahawa na halua, na akitaka kuondoka unamletea chetezo, anajifukiza nguo na ndevu, ndipo anakwenda zake ananukia. Usipomfukiza ni kama umemfukuza. Basi kila Alhamisi ya Paka, kabla ya kumkunja, nilimshusha juu ya chetezo, mbele na nyuma, kwa ubani wa Dhofar uliokuwa mzuri kuliko wote. Mahfoudh wa sokoni ananichagulia punje moja moja. Hata bibi harusi hakufukizwa kama alivyofukizwa Paka.

Sasa nisikilize. Mie nimeendesha watu miaka thelathini. Mtu wa kiti cha nyuma akianza kusifu hali ya hewa najua ana jambo. Barua yako ile ni ya kiti cha nyuma. Sema.

Harub bin Nassor


Kyoto, 8 Novemba 1998

Mjomba,

Nisamehe. Nilificha kwa kukuonea haya, na kwa kujionea haya mwenyewe.

Siku ile Bwana Inoue alifungua kisanduku, akapiga chafya. Akaikunjua picha mezani, akaigusa kwa ncha ya kidole, akakinusa kidole. Karatasi imekuwa rangi ya chai. Moshi umeganda juu yake utando kwa utando. Akauliza, "Nani amefanya hivi? Huyu ni adui wa picha." Nikasema sijui. Mjomba, nimesema sijui, na mie nimekulia ndani ya moshi ule ule.

Lakini akaigeuza, akaishika juu ya taa, akaita wenziwe. Hakuna tundu hata moja. Zile kumi na moja za hekalu zimeliwa na wadudu zimekuwa kama chekecheke. Ya kwako hakuna mdudu aliyethubutu kuisogelea. Hakuomba radhi kwa neno lake, ila aliinama kidogo, na kwa Bwana Inoue hilo ni kubwa.

Sasa uamuzi ni wako. Anaweza kuiosha kwa maji, taratibu, miezi miwili. Wino wao ni wa masizi na gundi, hautoki kwa maji. Utando utatoka, na harufu itatoka yote, haitorudi. Hapo atatundikwa na jina lako chini. Ukikataa, atarudi kwako kama alivyo, lakini hatundikwi. Mkuu wa hekalu angependa, ila neno la mwisho kwa picha ni la Bwana Inoue.

Wanahitaji jawabu kabla ya Februari kwisha.

Khawla


Sib, 2 Desemba 1998

Khawla,

Adui wa picha! Mie!

Mwambie huyo Inoue: wino wao wenyewe ni masizi, umesema wewe. Basi mie nimeongeza masizi kidogo juu ya masizi yao, kosa liko wapi? Na mwambie wadudu wamekula kumi na moja za kwao wakati wakinawa mikono kabla ya kuzishika, na ya dereva haikuliwa. Nani adui?

Haoshwi. Harufu yake haitolewi. Mrudishe. Jina langu sina haja nalo, nalijua.

Harub


Sib, 4 Desemba 1998

Dada Khawla,

Hii naandika mimi Benedikta peke yangu, mzee amelala. Nimehangaika siku mbili kama nikuandikie. Nimeona nikinyamaza nitakuwa na dhambi.

Mzee haoni. Sio kwamba haoni vizuri, haoni kabisa. Ni presha ya macho, mwaka wa nne sasa. Aflah anayekuja Ijumaa anajua macho ni mabovu, hajui kwamba yamekwisha. Ulipokuja Julai alikuwa amehesabu hatua toka kitini mpaka mlangoni, na mimi nilisimama kando yako nikizungumza ili ajue upande wako.

Zile picha anazijua kwa pua. Paka ni ubani. Mpiga Miayo ni udi. Figili ni sandali. Kofia ameiwekea karafuu kisandukuni. Uyoga hakuufukiza kamwe, ati mgeni aliyekimbia mvua haagwi, anaujua kwa kukosa harufu. Kila Alhamisi ananiambia nitundike, anakaa mbele yake saa nzima, ananieleza kilichopo kana kwamba mimi ndiye kipofu. "Tazama, Benedikta, mkia wa paka umeanguka nje ya mkeka, brashi imepita mara moja tu, hakurudia! Angerudia angeharibu." Na mimi natazama, ni kweli, mara moja tu. Nilikuja Oman kupika na kufua, dada, sikujua nitajifunza kutazama.

Juzi baada ya barua nilimwambia, "Mzee, kwa nini usimwambie ukweli mtoto wa dada yako?"

Akasema, "Nimwambie nini? Kuwa mwenye picha haoni picha? Watacheka mpaka Japani."

Nikasema, "Si ulisema ukitaka kuitazama sawasawa ucheke?"

Akanirushia kofia. Haikunipata.

Usimwambie nimekuandikia. Kama utaamua kumrudisha Paka, mrudishe na harufu yake, tafadhali. Wakimuosha itakuwa kama wamemfumba mzee macho mara ya pili.

Benedikta


Kyoto, 10 Januari 1999

Mjomba,

Ramadhani karim, ingawa ukiisoma hii labda Idi imekwishapita.

Nimewapa jawabu lako, maneno yote, hata yale ya kunawa mikono. Mkuu wa hekalu aliniomba nimweleze tena habari ya mgeni na chetezo, nikamweleza, akaniomba mara ya tatu. Akasema, "Hapa kwetu tumezitunza. Huyu bwana alizikaribisha." Nikamwambia hayo ni maneno ambayo ukiyasikia hutovumilika kwa miezi sita.

Tiketi ninayo, Machi. Ukitaka arudi, atarudi na ubani wake wote, nimesimamia hilo mwenyewe. Sikulazimishi.

Lakini kuna jambo lazima ulijue, kwani ni lako. Kabla barua yako haijafika, Bwana Inoue alikuwa amejaribu pahali padogo, kiasi cha ukucha, aone kama karatasi itastahimili maji. Pahali penyewe ni penye mkono wa joho la mtawa, ule wa kushoto, alioukunja kifuani. Utando ulipotoka, tukaona kitu. Wino wake mwepesi sana, kama pumzi. Masharubu matatu, sikio moja, jicho moja.

Ni panya, Mjomba. Panya kajificha ndani ya mkono wa joho, anamchungulia paka.

Bwana Inoue alitazama, akaiweka pamba chini, akacheka. Wenziwe wanasema miaka tisa hawajamsikia.

Uamuzi ni wako.

Khawla


Sib, 3 Februari 1999

Khawla mwanangu,

Benedikta kanisomea barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia ananidanganya.

Panya! Miaka kumi na tano nimemcheka mtawa yule kwa kuwa paka kamshinda, kamnyang'anya mkeka na yeye kabaki kwenye jiwe. Kumbe hakushindwa. Kamwachia mkeka kwa makusudi, kampa na mto, ili alale! Jiwe linamchoma na haondoki, kwa ajili ya kitu kidogo kilichomo mkononi mwake. Na mie niliyejisifu kuwa peke yangu niliyetazama sawasawa, nimecheka nusu ya picha. Bwana Morita naye nusu. Donkai katucheka sote wawili. Mistari mitatu ya masharubu, na kafa bila ya kumwambia mtu! Nani leo angefanya hivyo? Mie mwenyewe ningelimwambia mpaka mwenye duka.

Nilicheka mpaka Benedikta akadhani nimezimia.

Sasa andika: waioshe. Waioshe yote, panya aonekane mpaka mkia.

Na andika: nilikosea. Benedikta kaniuliza mara mbili kama kweli aandike hilo. Aandike. Moshi ulikuwa adabu kwa watu, na picha haikuwa mtu. Nilimpenda kwa namna niliyofunzwa, sikuuliza kama na yeye kafunzwa hivyo. Lakini usisahau kuwaambia na hili: miaka yote hiyo paka hakumla panya kwa sababu Harub bin Nassor alimficha ndani ya moshi. Hilo nataka liandikwe chini ya jina, na kama hapana nafasi walipunguze jina la Maskati.

Khabari ya macho, najua Benedikta kakwandikia. Kalamu yake naisikia ikikwaruza hata nikiwa chumba cha pili, na siku ile mie sikuwa na barua. Basi jua kuwa macho yangu nimeyastaafisha. Yalifanya kazi miaka mingi barabarani bila ya ajali, ila ile ya ngamia, na kosa lilikuwa la ngamia. Usimlilie mtu aliyemwona Paka Alhamisi kwa Alhamisi. Ninaye ndani, hakuna maji yatakayomfikia.

Zile nne hazipati tena moshi wala karafuu. Benedikta kazishonea mifuko ya kitambaa, na kila mfuko una vifungo vyake: Miayo kimoja, Figili viwili, Kofia vitatu, Uyoga vinne. Alhamisi iliyopita tulimtundika Mpiga Miayo, na tulipomaliza nilitaka kunyoosha mkono kwenye chetezo kwa mazoea. Nikajizuia. Nikamwambia mgeni, "Kwa kheri, utanisamehe." Tukamkunja. Si rahisi, n'kwambie kweli. Chumba sasa kinanuka kama chumba.

Maonyesho yakifunguliwa, mwezi wa nne, wewe simama karibu na Paka siku nzima. Usiwatazame wanaoshika videvu. Nataka uniandikie ni nani na nani waliocheka, umri wao na kazi zao. Nataka khabari za madereva kwanza. Na Paka akimaliza ugeni wake usimlete. Abakie kwao, na nikifa hizi nne zimfuate, ziishi pamoja. Aflah nimemwambia hivyo mbele ya mashahidi.

Na kama yuko wa kubisha, akisema Harub kaongeza chumvi, kuwa hakuwa na Paka, au hakumfukiza, au hakukubali aoshwe kwa hiari yake, na amuulize Benedikta, aliyeandika yote haya kwa mkono wake. Amuulize dada yangu Rahila wa Khuwair ya Kusini, aliyekohoa kwa moshi wangu miaka kumi na tano na sasa anasema ameukosa. Amuulize Mahfoudh wa ubani sokoni Sib, anayeninunia tangu mwezi uliopita kwa kupungukiwa na mteja. Na amuulize mwanangu Aflah, ambaye Ijumaa alikuwa kasimama mlangoni Benedikta akinisomea khabari ya panya, akacheka kwa sauti, khalafu akajidai anakohoa.

Harub bin Nassor

(Sahihi imeingia yote, dada. Nilimshika mkono.)